Kumtoa Kaa wa Kale Kwenye Jiwe Bila Kumvunja: Mwongozo Kamili kwa Waokotaji wa Sheppey

Picha ninazotumiwa zinafanana kama pacha. Vipande viwili vya jiwe juu ya gazeti: kimoja kina umbo la kaa lisilo na gamba, kingine kimeng'ang'ania gamba lililochanika. Chini yake swali: nitamuunganishaje? Ukweli ni kwamba hataungana akawa mzima. Aliyempata alilipiga jiwe nyundo, akidhani litafunguka pale alipolala kaa.

Na kweli lilifunguka hapo, ndiyo shida yenyewe. Gamba la kaa lina matabaka, na ndani ya bonge la jiwe hakuna mahali dhaifu kuliko hapo. Ukipiga, ufa hupita katikati ya matabaka. Tabaka la juu lenye vinundu na mapambo hubaki upande mmoja, la chini upande mwingine. Huna tena uso wa kaa upande wowote.

Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: jiwe la namna hii humenywa kama chungwa, halipasuliwi kama nazi.

Nazungumzia kisiwa cha Sheppey, kaskazini mwa Kent nchini Uingereza, ambako mawimbi hula ukuta wa udongo unaoitwa London Clay na kuacha ufukoni kaa na kamba wa miaka ipatayo milioni 50. Wenzetu wengi wanaoishi London na miji ya Kent huenda na kurudi siku moja kwa treni ya Sheerness. Njia ya kumenya, hata hivyo, inafaa kwa bonge lolote lenye kaa, litoke popote.

## Vifaa

Ufukoni: viatu vya mpira virefu, mifuko midogo ya plastiki, kalamu isiyofutika kwa maji, kikopo chenye kifuniko, na simu yenye chaji. Nyundo iache nyumbani, usije ukajaribiwa.

Mezani utahitaji:

- Ndoo na maji ya bomba, mswaki laini wa zamani.
- Sindano ngumu mbili tatu na kishikio cha kuzibana. Za kabidi ya tungsteni hudumu. Shazia ya kushonea magunia inafaa kwa kuanzia, ila utainoa kila dakika kumi.
- Kalamu ya umeme ya kuchongea majina kwenye chuma, ile inayotetemeka. Mwenye uwezo anunue kalamu ya upepo inayoendeshwa na kompresa.
- Kioo cha kukuzia chenye mguu, au darubini ndogo ya mezani. Macho matupu hayatoshi.
- Taa inayoweza kulazwa pembeni.
- Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga au mchele, ukubwa wa ngumi mbili.
- Barakoa ya vumbi ya N95 au FFP3, miwani ya kukinga macho.
- Chembe za Paraloid B72 (aina ya plastiki inayoyeyuka kwenye asitoni ikawa gundi) na asitoni, chupa ya kioo, brashi nyembamba.

Kompresa si lazima. Kaa wangu watatu wa kwanza niliwatoa kwa sindano na kalamu ya umeme, na mmoja wao bado ndiye mzuri kuliko wote. Isitoshe, ukikaa ghorofani, kompresa itakugombanisha na jirani wa chini kabla hujaliona hata gando moja.

Usinunue siki wala asidi ya aina yoyote. Najua kuna wanaolowesha mawe kwenye siki yakafunguka yenyewe. Hapa gamba limejaa kalisi, na jiwe linalolizunguka ni la fosfeti. Siki itakula gamba na jiwe litabaki linakutazama.

## Hatua ya 1: Fuata maji yakitoka

Tazama ratiba ya maji ya Sheerness kabla ya kukata tiketi. Fika muda wa saa mbili hivi kabla maji hayajapwa kabisa, yafuate yakitoka, na yakianza kujaa geuka urudi. Sehemu nyingi kati ya Minster na Warden Point maji yakijaa hugusa ukuta wa udongo, na njia za kupandia ni chache. Siku za bamvua ufuko hufunuka zaidi, lakini maji hurudi kwa haraka. Aliyekulia pwani hahitaji kuambiwa mara mbili.

Hatari ya pili ni tope. Udongo ulioporomoka hukauka juu ukapasukapasuka kama ardhi ya kiangazi, kumbe chini yake ni uji. Watu hunasa hadi mapajani. Pita kwenye kokoto na mchanga, na usisimame chini ya ukuta baada ya mvua.

Eneo hili linalindwa kisheria kwa ajili ya sayansi. Okota kilicholegea ufukoni, usichimbe ukuta. Msomaji wa Kenya naye asidhani kanuni ni hizi hizi: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inagusa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale kama kaa hawa, kutafuta kunahitaji kibali, na ukikutana nacho kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa. Tanzania nako anza kwa kuuliza wanaosimamia mambo ya kale kabla ya kugusa.

## Hatua ya 2: Chagua bonge linalofaa

Usitembee huku na huko. Mawimbi huchambua mawe kwa uzito, na vitu vizito hurundikana pamoja katika mabaka ya kokoto nyeusi. Piga magoti kwenye baka moja, maliza, hamia jingine.

Unatafuta bonge dogo, la ukubwa wa limau hadi ngumi, la kijivu au rangi ya chai ya maziwa, zito kuliko unavyotarajia. Ligeuze polepole. Kaa hujionyesha kwa mistari myembamba, myeusi au ya kahawia yenye kung'aa: hapo bonge limelika na gamba limekatwa ubavuni. Vijiduara vidogo viwili vitatu vilivyopangana ni miguu iliyokatika. Vijiduara hivyo ni dalili nzuri kuliko umbo zima la jiwe.

Yale mawe makubwa yenye nyufa zilizojazwa madini, ya ukubwa wa mtungi, yaache. Zamani yalichomwa kutengeneza saruji. Si hayo tunayoyatafuta, na mgongo wako utakushukuru.

Katika baka hilo hilo utakuta mbegu na vijiti vinavyong'aa kama shaba. Hivyo vimegeuka pairiti, madini ya chuma na salfa. Ukipenda viokote, lakini viingie kwenye kikopo chao peke yao, sababu utaiona hatua ya 9. Kuna jambo moja linalonifanya nivipende: miongoni mwa matunda ya udongo huu yametambuliwa ya jamii ya mkandaa, mti ule ule unaokatwa boriti Lamu na Rufiji. Kaa unayemshika alikuwa jirani wa mikoko.

## Hatua ya 3: Andika kabla ya kuosha

Kila bonge na mfuko wake, na ndani ya mfuko karatasi: mahali hasa, tarehe, aliyeokota. Piga picha pande zote nne, pembeni pakiwa na rula au sarafu.

Watu huruka hatua hii wakisema watakumbuka. Hawakumbuki. Kaa asiye na anwani ni pambo la kabati tu, na picha zile utazihitaji hatua ya 5 utakapojiuliza mguu uliouona ulikuwa upande gani.

## Hatua ya 4: Toa chumvi

Lowesha bonge kwenye maji ya bomba, badilisha maji kila siku kwa wiki moja hadi mbili. Chumvi ikibaki ndani, jiwe likikauka itageuka fuwele, itavimba na kubandua gamba kutoka chini.

Utajuaje imetoka? Chukua tone la maji ya ndoo, liweke kwenye sahani nyeusi kando ya tone la maji ya bomba, yaache yakauke. Yakiacha alama sawa, tayari. La ndoo likiacha duara jeupe zaidi, endelea.

Kisha kausha kivulini kwa siku kadhaa. Usiweke juu ya hita wala juani, maana nje hukauka kabla ya ndani na bonge linapasuka lenyewe.

Bonge lenye mishipa ya pairiti inayong'aa usililoweshe wiki nzima. Lisuuze, likaushe, basi.

## Hatua ya 5: Lisome bonge

Hapa ndipo jioni nzima ya kwanza inapokwenda, na sichongi chochote.

Lowesha bonge kidogo kwa brashi ili mistari ya gamba ikolee. Laza taa pembeni. Mgongo wa kaa ni tao, kwa hiyo mstari wake hujipinda kama bakuli lililofunikwa. Upande wa tumbo ni bapa. Ukishajua juu ni wapi, tafuta mbele: magando mara nyingi yamekunjwa mbele ya uso, na ubavuni huonekana kama duara kubwa kuliko la miguu. Chora kwa penseli juu ya jiwe: hapa mgongo, hapa gando la kulia, hapa miguu.

Anza na mgongo. Gamba lake ni pana na nene, litakufundisha rangi na sauti kabla hujafika kwenye miguu myembamba. Kuanza na mguu ni kuanza kuendesha gari kwenye daladala lililojaa.

Ukiona gamba la mgongo limeinuka nyuma kama boneti iliyo wazi, usijaribu kulirudisha mahali pake. Kaa akijivua gamba hutokea upande wa nyuma, na yawezekana ulilonalo ni gamba alilolivua, si mzoga. Liache lilivyo, hiyo ni habari.

## Hatua ya 6: Menya

Vaa barakoa na miwani. Vumbi la jiwe likishaingia mapafuni halitoki.

Kaza bonge kwenye mfuko wa mchanga. Usilishike mkononi huku unachonga. Sindano ikiteleza hupita jiwe na kuingia kiganjani, na mkono unaotetemeka ndio huvunja magando.

Tabaka la nje. Kwa kalamu ya umeme au ya upepo ondoa jiwe lililo mbali na kaa. Fanya mifereji miwili mitatu sambamba, kisha bomoa kingo kati yake. Ukikadiria umebakiza milimita 3 juu ya gamba, simama. Hata kama mkono umenoga, simama.

Milimita za mwisho. Sasa ni sindano, au kalamu ikiwa na nguvu ndogo kabisa, na kioo cha kukuzia. Anzia pale gamba linapoonekana tayari ukingoni, ujitanue kutoka hapo. Usichimbe shimo katikati ukitafuta kaa, utamkuta kwa kumtoboa.

Elekeza ncha kwenye jiwe lililo mbele ya gamba, kwa mshazari, ulisukume kidogo kidogo. Jiwe likiwa tayari huruka kama kigaga kikavu, na chini yake gamba linang'aa, jeusi au kahawia iliyoiva. Kile kibanzi kiruke chenyewe. Usiingize sindano chini ya jiwe ukainua kama mtu anayefungua kopo, kwa sababu jiwe likiinuka huja na gamba.

Sikiliza pia. Sindano ikiwa kwenye jiwe hukwaruza na kuacha unga wa kijivu hafifu. Ikigusa gamba huteleza, sauti inakuwa nyembamba, na unga unakuwa wa rangi ya kahawa. Ukiona unga wa kahawa ondoa mkono, unamsaga kaa.

Mahali jiwe linapokataa kuachia, hamia kwingine. Vinundu vya mgongoni na mashimo ya macho ndivyo hung'ang'ania zaidi. Rudi huko mwishoni, kwa sindano tu, ukizunguka kila kinundu badala ya kukipanda.

Kwangu kaa wa upana wa vidole vitatu ni jioni nne au tano za saa mbili mbili. Nikipita saa mbili macho huchoka, na makosa yangu yote makubwa yametokea baada ya kusema "nimalizie hapa kidogo."

Umefaulu ukiona nini? Gamba lina mng'ao ule ule kote, bila mabaka meupe. Baka jeupe, butu, maana yake umekwangua tabaka la juu. Halirudi. Kumbuka ulifanya nini, usirudie sentimita ya pili.

## Hatua ya 7: Magando na miguu

Gando linashawishi kulitoa lote lielee hewani. Usifanye hivyo. Acha jiwe chini yake kama mguu wa meza. Gando lina uzito, shingo yake ni nyembamba, na ufa wa zamani ambao huuoni unasubiri.

Kanuni yangu: onyesha nusu ya juu ya kila mguu na kila gando, simama. Anayetazama ataliona umbo lote, na kaa ataweza kushikwa.

Kati ya vidole viwili vya gando mna meno. Hapo ni sindano nyembamba kuliko zote, ukitoa jiwe kuelekea nje, kamwe si kuelekea kidole. Kidole kinachojongea ndicho cha kwanza kuvunjika.

Ukiwa na bonge bapa unaweza kulifungua na tumboni ili uone kile kifuniko kilichokunjwa ambacho wavuvi hukitazama kujua jinsia: cha dume chembamba, cha jike kipana. Ila fanya hivyo baada ya mgongo kukamilika na kupakwa dawa ya hatua inayofuata, na bonge likiwa limelazwa kwenye mfuko laini. Kama huna sababu, acha.

## Hatua ya 8: Kipande kikiruka

Kitaruka. Usifagie, usinyanyuke ghafla. Ndiyo maana meza yangu ina kitambaa cheupe na upindo ukingoni, kwa sababu zulia limeshanimezea ncha ya gando.

Tengeneza gundi mapema. Kwa dawa ya kuimarisha, changanya gramu 5 za B72 na asitoni ipatayo mililita 100. Funga chembe kwenye kitambaa chepesi, uzining'inize ndani ya chupa kwa uzi usiku kucha. Ukizimwaga tu, zitashikana chini kama ugali ulioachwa sufuriani. Tumia chupa ya kioo, kwani asitoni huyeyusha plastiki nyingi. Dirisha liwe wazi na jiko mbali, mvuke wake unashika moto upesi.

Hiyo nyepesi hupakwa kwa brashi kwenye nyufa nayo hunywewa ndani. Ya kuunganishia iwe nzito kama asali: weka chembe nyingi zaidi kwenye chupa nyingine ndogo. Safisha pande zote mbili, weka tone dogo, bana kwa pumzi kumi, kisha lalisha kaa kwenye mchanga hadi kesho.

Kwa nini si supaglu? Ukikosea pembe, B72 unailainisha kwa asitoni na kuanza upya. Supaglu inakufunga na kosa lako. Ila ujue B72 hulainika joto likikaribia nyuzi 40, kwa hiyo kaa aliyeunganishwa asiachwe kwenye gari lililofungwa juani, hasa ukimpeleka nyumbani Mombasa au Muscat.

Usipake vanishi kaa mzima ili ang'ae. Huficha vinundu, na atakayetaka kumchunguza atalazimika kuiondoa kwanza.

## Hatua ya 9: Kumtambua na kumhifadhi

Kaa mnene mwenye mgongo wa tao na matuta machache yaliyofifia, huenda ni *Zanthopsis leachii*. *Dromilites* ni wa ukoo wa wale kaa wanaojifunika kwa sponji. Ukimpata mwenye mwili mrefu na magando makubwa ni *Hoploparia gammaroides*, kamba wa aina isiyofanana na kambakochi wetu, maana kambakochi hana magando ya kubania. Ukimpata asiyefanana na hao, mpige picha umwonyeshe mtu wa Makumbusho ya Historia ya Asili, London, kabla hujaendelea kumenya. Kilichobaki ndani ya jiwe huenda ndicho watakachokihitaji.

Adui aliyebaki ni unyevu. Pairiti ikipata hewa yenye unyevunyevu huoza: hutoa unga mweupe au wa manjano, harufu ya kiberiti, na tindikali inayotafuna kila kilicho karibu. Mimi niliweka kaa mmoja kwenye sanduku moja na mbegu za pairiti, nikafunga, nikasahau majira ya baridi yote. Nilipofungua, mbegu zilikuwa unga, karatasi ya anwani imetoboka, na gamba la upande mmoja limegeuka majivu.

Kwa hiyo: sanduku la plastiki linaloziba, kaa peke yake, pakiti za jeli ya silika kama zile zinazokuja na viatu vipya, na kipimo kidogo cha unyevu. Kisome kisipite asilimia 45. Asilimia 60 ni hatari ya wazi. Pakiti zikishalowa, zikaushe au zibadilishe.

Andika tarehe ya leo juu ya kifuniko na ufungue tena baada ya miezi mitatu. Nusa kwanza, kisha tazama nyufa kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta unga mweupe, mtoe, uuondoe kwa brashi kavu bila tone la maji, na ubadilishe karatasi ya anwani kabla maandishi hayajaliwa.